Tathmini: faili za obiti za IGS kwa mpima ardhi

Ninapoweka kipokezi cha GPS juu ya alama ya msingi na kukiacha kirekodi kwa saa 24, hesabu nzima itakayofuata hutegemea jambo moja nisiloweza kulipima mwenyewe: setilaiti, iliyo takriban kilomita 20,200 juu na iendayo karibu kilomita 4 kwa sekunde, ilikuwa wapi hasa kila ishara yake ilipoondoka. Mahali ambapo setilaiti yenyewe hutangaza kuwa ipo hukosewa kwa kiasi cha mita moja hivi. Kwa kazi nyingi za mipaka ya viwanja hilo linavumilika, lakini kwa alama ambayo wapimaji wengine wataitegemea kwa miaka mingi, halivumiliki. Kwa sababu hiyo nimekuwa mteja wa muda mrefu, ikiwa asiyelipa senti anaweza kuitwa mteja, wa International GNSS Service, yaani IGS, huduma ya kimataifa inayotoa bure obiti sahihi za setilaiti za GPS na mifumo mingine kama hiyo (GNSS), iliyoanza kazi rasmi tarehe 1 Januari 1994.

Bidhaa yake kuu, yaani faili za obiti (njia za setilaiti angani), hupikwa katika majiko mengi. Vituo vya uchambuzi vilivyoko Bern, Darmstadt, Potsdam, Toulouse, Pasadena na kwingineko hupokea data za vituo vya ardhini vilivyotapakaa duniani, kikiwemo cha Malindi katika pwani ya Kenya, na kila kimoja hukokotoa obiti kwa programu yake: Bern hutumia Bernese, Pasadena GipsyX, Toulouse GINS. Kisha mratibu huziunganisha kwa wastani wenye uzani, ambapo kituo kinachotofautiana mno na wenzake hupunguziwa sauti. Faili linalotoka hutoa mahali pa kila setilaiti kwa kila dakika 15, na IGS yenyewe hukadiria kosa lake kuwa sentimita 2.5 hivi.

Wastani huo usingekuwa na maana kama vituo visingekubaliana kwanza juu ya mambo ya msingi, kama vile fremu ya marejeo (mfumo wa pamoja wa kutaja mahali duniani), mawimbi ya kujaa na kupwa kwa ardhi na bahari, na hasa vipimo vya antena, yaani mahali hasa kwenye antena ambapo ishara hutoka au hupokewa. Tarehe 5 Novemba 2006 vyote vilihama kwa pamoja kutoka vipimo vya antena vya kulinganisha (na antena moja ya marejeo) hadi vipimo kamili visivyoitegemea antena nyingine, na tarehe 27 Novemba 2022 vikahamia fremu ya IGS20. Mtumiaji naye hubanwa na mapatano hayo. Niliwahi, kwa uzembe wangu mwenyewe, kutumia obiti za IGS20 pamoja na faili la antena la fremu iliyotangulia. Programu haikulalamika hata kidogo, lakini kimo cha alama kilihama kwa milimita kadhaa, nami nikapoteza siku mbili nikiulaumu mguu-tatu wa chombo. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mistari ya juu ya faili lenyewe, ambako toleo la vipimo vya antena hutajwa wazi.

Ninachokithamini zaidi, hata hivyo, ni kwamba usanifishaji huu una mpaka wake. Mwanga wa jua huisukuma setilaiti, na namna ya kuukokotoa msukumo huo imeachwa kwa kila kituo. Wapo wanaoona hilo ni kasoro ya kurekebishwa, nami siungani nao. Setilaiti mbili za GPS zilizorushwa mwaka 1993 na 1994 zilibeba vioo vya kurudisha leza, na zilipopimwa kwa leza kutoka ardhini zilionekana kuwa chini ya obiti zilizokokotolewa kwa sentimita kadhaa. Wastani haukuweza kulifichua kosa hilo, kwa kuwa vituo vilikuwa vikiacha mambo yale yale, yakiwemo mwanga unaoakisiwa na dunia na msukumo mdogo wa antena inaporusha mawimbi. Mambo hayo yalipoingizwa katika hesabu, sehemu kubwa ya tofauti ilitoweka. Vituo vikilazimishwa kutumia programu moja, makosa ya namna hiyo yatazidi kujificha, na mafaili yatapatana vizuri sana huku yote yakiwa yamepotoka kuelekea upande mmoja.

Kuhusu upatikanaji, toleo la mwisho huchukua karibu wiki mbili au zaidi, ilhali lile la haraka hutoka kesho yake na kwa upimaji wa kawaida sijawahi kuona sababu ya kusubiri zaidi. Majina marefu ya mafaili yaliyoanza pamoja na IGS20 yalivunja programu-hati zangu zote za kupakulia, ingawa sasa nayaona ni bora, maana mwaka na siku husomeka bila kuhesabu wiki za GPS (namba za wiki tangu mfumo huo ulipoanza kuhesabu muda). CDDIS, hifadhi ya Marekani ya kupakulia mafaili haya, hudai akaunti tangu Oktoba 2020. Kujisajili ni bure.

Upungufu mkubwa kwangu ni Galileo na BeiDou, mifumo ya setilaiti ya Ulaya na China. Toleo rasmi lililounganishwa lilijengwa juu ya GPS, na mradi wa IGS uitwao MGEX ulioanza mwaka 2012 umekuwa ukitoa obiti za mifumo hiyo mingine kituo kwa kituo. Ninapozihitaji, huchagua kituo kimoja, nikachukua obiti zake pamoja na masahihisho yake ya saa za setilaiti, wala sizichanganyi na za kituo kingine.