Jeli ya nyuzinano za selulosi ya asilimia 1: nzuri kwenye dawa ya maji, haifai vidonge

Jeli hii hutokana na massa ya mbao yaliyooksidishwa kwa kichocheo cha TEMPO, njia iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Tokyo, kisha kuchambuliwa hadi nyuzi zenye unene wa nanomita 3 hadi 4. Katika kila kilo moja unayonunua, selulosi ni gramu 10 tu. Kilichobaki ni maji.

Kwa vidonge, maji hayo ndiyo kikwazo. Vidonge 1,000 vya miligramu 300, vikiwa na nyuzi asilimia 5 za kushikanisha unga, vinahitaji gramu 15 za nyuzi kavu, yaani kilo 1.5 za jeli. Karibu lita moja na nusu ya maji juu ya gramu 285 za unga! Chembechembe hazifanyiki, unapata uji. Kuikausha jeli kwanza hakusaidii, kwa sababu nyuzi zikikauka hushikana, na ukizirudisha majini hazitawanyiki kama mwanzo.

Kwenye dawa ya maji inapendeza kweli. Kwa lita 1 ya paracetamol ya miligramu 120 kwa mililita 5, pima jeli gramu 300 (nyuzi asilimia 0.3) na paracetamol gramu 24. Yeyusha vihifadhi, methylparaben gramu 1.8 na propylparaben gramu 0.2, katika maji ya moto, acha yapoe, kisha changanya na jeli kwa mashine ya kasi. Kijiko huacha mabonge. Lowesha paracetamol kwa gliserini kabla ya kuiongeza, halafu jaza maji yaliyosafishwa hadi lita. Ukiitikisa chupa dawa humiminika, ikitulia hushika tena, na unga hauzami upesi.

Maji ya bomba yenye kalsiamu nyingi huziunganisha nyuzi na kuleta mabonge. Asidi nayo, pH (kipimo cha asidi) chini ya 4, huzikusanya. Hapo ndipo kihifadhi sodium benzoate kinapokwama: chenyewe hufanya kazi vizuri penye asidi, mahali ambapo nyuzi haziwezi kukaa. Kihifadhi kingine, benzalkonium chloride, kina chaji chanya, hivyo hunaswa na nyuzi, ambazo zina chaji hasi. Dawa kama metformin (ya kisukari) na propranolol (ya presha) nazo huweza kunaswa vivyo hivyo. Kwa kuwa tumbo nalo lina asidi, pima uyeyukaji wa dawa kwenye pH 1.2 pia, usiishie pH 5.8 inayotumika kawaida kwa paracetamol.

Weka jeli kwenye friji, isigande: barafu huzibana nyuzi na jeli ikiyeyuka huwa na vipande. Mwuzaji akupe cheti cha kila bechi chenye kiasi cha kaboksili (vikundi vinavyozipa nyuzi chaji hasi), mabaki ya bromidi na hesabu ya vijidudu.

Kwa dawa ya maji ya kawaida, gundi ya xanthan bado ni chaguo rahisi zaidi, na tayari imo kwenye farmakopea, kitabu rasmi cha viwango vya dawa. Jeli hii ilipiwe pale unapotaka povu kavu la kuelea tumboni na kuachia dawa taratibu. Utando mzito wa nyuzi hizi uliokaushwa bapa haufai kumezwa: huachia dawa isiyoyeyuka vizuri polepole mno, hata kwa wiki kadhaa, wakati chakula hakikai mwilini muda wote huo.