Pafyumu ya gari kwa joto la Dar: nunua ile unayoweza kuipunguza

Juzi kati niliita gari ya app kutoka Ubungo kwenda Tazara, nafungua mlango tu nikapigwa na harufu usoni, vanila imechanganyika na limau na juu yake kuna ile wanayoiita harufu ya gari mpya. Nikahesabu kimyakimya: miti mitatu ya karatasi kwenye kioo cha ndani, klipu kwenye tundu la AC, na kopo la jeli nyuma karibu na kioo, vyote viko kazini na foleni ya Mandela haisogei hata hatua. Nikamwambia kaka, samahani, harufu imekuwa kali kidogo. Akashangaa kabisa, akasema "mbona mi hata siisikii, nilikuwa nataka niongeze". Nikashukia Tabata Relini, nikamalizia na daladala.

Na hakuwa ananidanganya yule. Pua ikikaa na harufu moja inaizoea, muda si mrefu inaacha kukuambia kitu, ndo maana mwenye gari huwa wa mwisho kujua kama gari yake imezidi marashi au inanuka. Sasa weka na jua letu hapo. Gari ikilala juani saa saba mchana ndani panapita nyuzi 50, dashibodi yenyewe inapita hapo kwa mbali, na mafuta ya pafyumu yakipata joto yanaruka hewani haraka haraka, kwa hiyo kitu ambacho mwenzio wa Njombe kinamnukia taratibu mwezi mzima, wewe wa Mbagala kinakukaba siku tatu za mwanzo halafu kimekufa. Ndo maana sijapanga orodha hii kwa uzuri wa harufu, hapo kila mtu na pua yake. Nimeipanga kwa swali moja tu: ikizidi, naweza kuipunguza?

Ila kabla hela haijatoka mfukoni, tafuta gari inanuka nini. Pafyumu haiondoi harufu, inaikalia tu kwa juu. Kuna siku nilitoka Feri na ndoo ya samaki, maji yakamwagika kwenye buti, mi nikapulizia spray ya waridi nikajiona mjanja, wiki nzima nikawa naendesha jodari aliyevaa marashi. Kilichosaidia ni kutoa kapeti la buti, kulifua kwa sabuni, kulianika likauke kweli kweli, na pale chini kumwaga baking soda ikalala usiku mzima nikaivuta asubuhi kwa vakyumu. Maziwa ya mtoto ni hivyo hivyo, na uyashughulikie siku hiyo hiyo, kesho yake yameshaingia kwenye sponji ya siti.

Kama harufu inakuja ukiwasha AC, ile ya nguo zilizolala mbichi, hapo ni ukungu kwenye koili ya ndani au filta imechoka. Magari mengi ya Toyota tunayotembelea, kina Vitz na IST, filta ya AC inakaa nyuma ya ile droo ya upande wa abiria, unaichomoa kwa mkono bila hata spana. Ya kwangu niliikuta imejaa majani makavu na manyoya ambayo mpaka leo sijui ya ndege gani. Badilisha, halafu jizoeshe kitu kimoja, dakika tatu nne kabla hujafika zima kitufe cha AC ila feni iache inaendelea, ile koili ipate kukauka. Watu wangapi wananunua pafyumu tano kwa mwaka wakati tatizo lao lilikuwa filta.

Haya tuje kwenye kununua.

Namba moja kwangu ni kopo dogo la bati, lile la California Scents na wenzake wa aina hiyo. Ndani hakuna maji ya kumwagika, kuna kitambaa cha nyuzi kilicholoweshwa mafuta, na juu unavalisha mfuniko wa plastiki wenye matundu ambayo unayafungua kidogo au sana. Hayo matundu ndo yameipa ushindi. Siku za mwanzo fungua kidogo sana, ikianza kufifia ongeza. Wengi wanaliweka kwenye dashibodi lionekane, sasa unalipikia nini? Liweke chini ya siti ya abiria au kwenye kishikio cha kikombe, kwenye kivuli, na lisiwe upande wa miguu ya dereva likabingirika mpaka chini ya breki. Koponi wameandika siku 60. Mi kwa Dar sijawahi kuzifikisha, ila mwezi na kitu napata bila shida.

Namba mbili, mti wa karatasi, Little Trees. Huu ni wa zamani kuliko wengi wetu, ulianzia Watertown kule New York mwaka 1952, aliyeubuni ni mkemia anaitwa Julius Sämann, na inasimuliwa alipata wazo baada ya dereva wa gari la maziwa kumlalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Sasa miaka yote hiyo watu bado wanakosea kuutumia! Ule mfuko wa nailoni hautupwi. Unakata ncha ya juu tu, unachomoza kilele cha mti, unatundika na mfuko wake, kila wiki unavuta mti unatoka kidogo zaidi. Ukiuvua wote siku ya kwanza umejichomea hela na kichwa kitakuuma. Pia usiuache unagusa plastiki au siti, yale mafuta yanaacha doa. Na tundika mmoja, shada la miti kwenye kioo linakuziba usimwone bodaboda anayetokea kushoto.

Angalizo la feki maana zimejaa. Wale vijana wa kwenye mataa wanauza mti kwa buku mbili, tatu, mwingine ni mzuri mwingine ni karatasi iliyopuliziwa kitu kama thina. Mi nanusa kabla sijalipa, kama unanukia kwa nguvu mfuko ukiwa bado umefungwa, maana yake mafuta yanatoroka tangu Kariakoo, narudisha. Na mti uliokauka ukawa mwepesi kama kadi ya harusi, achana nao.

Namba tatu ni klipu ya kwenye tundu la AC, kina Febreze na Ambi Pur. Ina kigurudumu cha kupunguza, kwa hiyo kwenye swali langu inafaulu, na ukizima feni inapoa yenyewe. Kwa nini basi haijashinda? Kwanza inakupuliza usoni moja kwa moja, mwenye pumu hawezi kukaa siti ya mbele. Pili kama AC yako mbovu, na tusidanganyane wengi ni vioo chini, hiyo klipu ni pambo tu. Tatu ikilegea au ikikaa upande mafuta yanaweza kuchuruzika kwenye vibao vya AC. Ukinunua, weka tundu la pembeni upande wa abiria, sio lile la katikati linaloangalia pua yako.

Baada ya hapo tunashuka bonde.

Zile chupa ndogo za kioo zenye kifuniko cha mbao zinazoning'inia, nzuri jamani, sikatai, zinapendeza kwenye picha. Unaigeuza chini juu sekunde chache mbao ilowe, unairudisha, basi. Tatizo binadamu anasahau kukaza kizibo. Mi niliigeuza ya kwangu nikiwa kwenye foleni, simu ikaita, gari ya mbele ikasogea, yale mafuta yakamwagikia dashibodi na ndani ya dakika chache plastiki ikalainika ikawa kama imelambwa, na lile baka lipo mpaka leo, nimelifunika na kitambaa cha maua cha mama. Yale mafuta na viyeyushi vyake vinakula plastiki, kwa hiyo ikitokea futa hapo hapo usisubiri kufika.

Jeli ni ya bei rahisi lakini sehemu kubwa ni maji, kwa joto hili inasinyaa ikawa kama gundi kavu chini ya kopo. Spray nayo iwe ya dharura tu, umepakia mtu katoka jimu umpeleke kwao, inakaa nusu saa imeisha. Na soma nyuma ya kopo, makopo ya gesi yameandikwa yasikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50, sasa we unaliacha kwenye mfuko wa mlango gari ikiwa juani. Libebe ukishuka.

Nje ya orodha kuna mifuko ya makaa, ile ya mkaa wa mianzi. Hainukii kitu, yenyewe inanyonya harufu na unyevu kidogo kidogo, kila mwezi unaianika juani inafanya kazi tena. Kama nyumbani kuna mjamzito au mtu wa kipandauso ningekuambia nunua hii uache mengine yote.

Na sisi watu wa pwani tuna vyetu. Tone moja la mafuta ya udi au ya mlangilangi kwenye pamba, pamba kwenye kikopo kilichotobolewa, chini ya siti, na ikizidi unatoa pamba. Siku ya harusi dada zangu wanatundika kikuba cha asumini na mrehani kwenye kioo, kinanukia mpaka jioni, hakuna kiwanda kitafikia pale. Ila kuingiza chetezo chenye makaa ya moto ndani ya gari vioo vimefungwa, hapana, moshi wa mkaa unaua, na siti inaungua.

Harufu za kutofunika kabisa: petroli, waya unaoungua, na ile tamu tamu kama pipi inayokuja na kioo cha mbele kuweka ukungu wenye mafuta, hiyo mara nyingi ni kulanti, yale maji ya kupoza injini, inavuja ndani upande wa hita. Hapo hela ya pafyumu mpe fundi.

Ukishaweka ya kwako mwite mtu ambaye hajapanda gari yako siku hiyo, afungue mlango akuambie. Wakubwa wanaona aibu, watakuambia inanukia vizuri. Kipimo changu ni mpwa wangu wa miaka sita, akishusha kioo kabla hajafunga mkanda najua nikafunge matundu ya kopo nusu.