Uzoefu wangu na PhotoRec: kurudisha mafaili yaliyopotea kwenye kompyuta

Hapa Mtwara naitumia PhotoRec kwa mashine za kila namna: za walimu wenye matokeo ya mitihani, za makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wenye orodha za uzito wa korosho, za wanachuo wenye ripoti za utafiti. Ni programu ya bure ya Christophe Grenier, inakuja pamoja na TestDisk, programu mwenzake ya kurekebisha diski, na haihitaji kusakinishwa. Unaifungua moja kwa moja kwenye flashi. Naikubali sana, ila kwa kazi moja: mafaili yaliyofutwa au kufomatiwa kwenye diski ya kuzunguka (HDD), flashi au memori kadi.

Kwanza hakikisha yamepotea kweli, maana mara nyingi bado yapo. Mashine ikiwaka Desktop ikiwa tupu na picha ya mbele imebadilika, huenda Windows imekuingiza kwenye akaunti ya muda. Fungua C:\Users: ukiona folda ya TEMP, kazi zako ziko kwenye ile folda nyingine yenye jina lako. Usihifadhi kitu ukiwa humo kwenye akaunti ya muda, kitafutika ukitoka. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo ina tabia ya kuhamishia Desktop na Documents ndani ya folda yake, kwa hiyo chungulia huko pia. Na flashi iliyotoka steshenari ikarudi na shortcut tupu, kirusi kimeyaficha mafaili. Usibonyeze hizo shortcut. Fungua Command Prompt, andika attrib -h -s -r /s /d E:\*.* (weka herufi ya flashi yako), kisha pitisha antivirus.

Kama yamefutwa kweli, acha kuitumia mashine hapo hapo. Kila unachopakua au kufungua kinaweza kuandikwa juu ya kile unachokitafuta. Izime, toa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB. Diski ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB wenyewe.

Diski ikiwa ni SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, matumaini ni madogo mno, na ni vema mwenye mashine aambiwe mapema. Windows ikifuta faili huipa SSD amri ya TRIM, na diski hiyo husafisha nafasi yenyewe. Kuhakikisha, kwenye Command Prompt andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi. Hapo nenda kwenye nakala za barua pepe, WhatsApp na OneDrive, usikeshe na PhotoRec.

Kwa diski ya kuzunguka, fungua qphotorec_win.exe kama msimamizi. Chagua diski, kisha sehemu yake, kisha aina ya mfumo wa kupanga mafaili: NTFS na FAT, zinazotumiwa na Windows, ziko kundi moja. Chagua Free kama mafaili yalifutwa tu, Whole kama diski ilifomatiwa. Kwenye File Formats bonyeza Reset, halafu weka alama unavyohitaji tu, la sivyo utazama kwenye maelfu ya vipicha vya intaneti. Hapa wengi hukwama: docx na xlsx zimo ndani ya zip, wakati doc na xls za zamani zimo ndani ya doc. Video za mp4 zimo ndani ya mov. Mahali pa kuhifadhia pawe diski nyingine kabisa, isiwe hata sehemu nyingine ya diski hiyo hiyo.

Diski ya GB 500 kwa USB 2.0 huchukua zaidi ya saa nne. Kwa umeme wetu wa kukatika, weka mashine yenye betri nzima au UPS kabla ya kuanza.

Udhaifu wake ni majina. PhotoRec haisomi orodha ya mafaili, inatambua mwanzo wa kila faili, kwa hiyo utapata folda za recup_dir zenye vitu kama f0123456.xlsx. Zipange kwa ukubwa, ufungue moja moja. Video kubwa zilizotawanyika vipande kwenye diski mara nyingi hutoka mbovu.

Ndiyo maana kwa NTFS na ufutaji wa karibuni naanza na Windows File Recovery ya Microsoft, bure pia, inayotaka Windows 10 toleo la 2004 au jipya zaidi. Iwe kwenye ile kompyuta nyingine, na amri ni winfr F: D: /regular /n \Users\jina\Documents\*.xlsx (F: ni diski yenye mafaili yaliyopotea, D: ni pa kuyahifadhi). Inarudisha na majina. Ikishindwa ndipo PhotoRec.

Diski inayogonga kwa ndani usiiskani kwa chochote, kila dakika inapozunguka inaweza kuharibika zaidi. Na ukimpelekea fundi, kabla ya kulipa mwambie afungue mafaili mbele yako, hasa Excel: jina linaweza kurudi na ndani kukawa hakuna kitu.