Uzoefu wangu: jioni ya darubini pale Dunga, Kisumu

Nilikwenda Januari 2026 pamoja na mama yangu na binti yangu wa miaka tisa. Ni kikundi cha wapenda nyota wanaoleta darubini yao Dunga, kando ya ziwa, na kumruhusu yeyote achungulie. Mtu mzima analipa shilingi 200, watoto bure.

Nianze na yaliyoniudhi. Tuliambiwa saa moja usiku, darubini ikawa tayari saa mbili kasorobo. Taa za mkahawa wa jirani zilitumulika machoni, na hakuna aliyekwenda kuomba zizimwe hata kwa nusu saa. Kazi ya kutazama nyota inataka giza, kwa hiyo hilo ni kosa kubwa.

Darubini yenyewe ni bomba nene lililokalia sanduku la mbao, na chini ndani yake kuna kioo cha sentimita 20. Haina mota. Kijana aliyeiongoza alitueleza kwamba muundo huo unaitwa kwa jina la John Dobson, ambaye mwaka 1968 yeye na wenzake walianza kuweka darubini kando ya barabara kule San Francisco ili wapita njia waone. Pale Dunga nako, mvuvi aliyetoka kufunga mashua yake alipanga foleni nyuma yetu, ndoo mkononi.

Tulianza na mwezi. Ulikuwa mchanga, umelala chali kama mtumbwi, vile unavyolala huku kwetu ikweta. Pale mwanga unapopakana na giza, mashimo yalionekana wazi, kingo zake zimetupa vivuli virefu. Binti yangu alipanda stuli, akachungulia, akakataa kushuka.

Sayari ya Zohali (Saturn) ndiyo niliyoifuata hasa, kwa ajili ya pete zake. Nilitarajia pete pana kama za vitabu vya shule, nikaona tufe dogo lililopitiwa na mstari mwembamba, kama ushanga uliochomwa sindano. Zohali huchukua miaka 29 hivi kulizunguka jua, na kila baada ya miaka 15 au karibu na hapo pete zake hutugeukia ubavu. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2025, na sasa zinafunguka taratibu. Wengine walinung'unika. Mimi nilifurahi, maana picha ya pete pana ninaweza kuiona siku yoyote, lakini mstari ule ni wa kusubiriwa miaka.

Kisha sayari ya Mshtarii (Jupiter), na hapa ndipo pesa yangu iliporudi. "Mama, usishike bomba, sogeza jicho tu," kijana alisema. Mama akaiona: duara jeupe lenye michirizi miwili, na vinukta vinne vimejipanga mstari mmoja, ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Baada ya muda mfupi akauliza, "Mbona inatoroka?"

"Haitoroki, mama. Ni sisi tunaozunguka."

Kijana akalisukuma bomba kwa kidole kimoja, Mshtarii ikarudi katikati. Akaongeza kwamba hapa karibu na ikweta ardhi inatubeba kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Mama aliondoa jicho, akatazama miguu yake, halafu akainama tena. Kijana alimwachia aitazame ikivuka mara tatu, na foleni yote ile nyuma, bila kumharakisha. Nimefundishwa tangu shule ya msingi kwamba dunia inazunguka. Kuiona ikizunguka, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Jambo moja ningependa walirekebishe. Kijana anazungumza Kiswahili kizuri, lakini alipotuonyesha kile kishada cha nyota karibu na utosi alikiita Pleiades tu. Hicho ni Kilimia, nyota za msimu wa kulima, na wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mama ni mkulima. Angelipokea jina hilo mara moja.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukienda, chukua sweta na dawa ya mbu, na tochi yako uifunike kwa karatasi nyekundu. Chagua wiki ambayo mwezi ni mchanga, kwa sababu ukiwa mpevu unafuta nyota nyingi, na hata hayo mashimo yake hayatoi vivuli.