Kisanduku cha volti 12 cha kutunzia mbegu za nguruwe: tathmini kutoka Masasi

Kisanduku ninachokitathmini ni kile kidogo cha plastiki chenye feni, kinachotumia umeme wa nyumbani au wa gari, ambacho siku hizi kinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mifugo. Nimekitumia msimu mzima wa joto kutunzia mbegu za dume la nguruwe zinazoletwa Masasi kwa basi, na kwa maoni yangu kinafaa, ila kwa masharti ambayo muuzaji hayataji.

Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hupandikizwa mbegu hizo na mtaalamu (mhimilishaji) mara mbili, kwa kupishana saa 12 hadi 24, kwa hiyo hata basi likiwahi, chupa ya pili lazima ingoje. Mbegu za farasi hupozwa polepole hadi nyuzi joto 5 na kutumika ndani ya saa 24 hadi 48, lakini za nguruwe huharibika zikishuka chini ya nyuzi 15, kwa kuwa utando wa seli zake una kolesteroli kidogo na hauhimili baridi. Zikiachwa kwenye joto la chumba nazo huchoka mapema huku bakteria wakizaliana. Zinatakiwa nyuzi 16 hadi 18, na zikiwa zimechanganywa na kirutubishi cha kawaida kama BTS, kimiminika cha kuzilisha na kuzihifadhi, hudumu siku 3 hivi. Kwa sababu hiyo masanduku ya farasi yanayotangazwa mtandaoni, yale yenye makopo ya kugandishwa, hayatusaidii, na deli la barafu ndilo baya kuliko yote.

Kifaa hiki hakina kompresa. Hupoza kwa kibamba cha umeme ambacho upande mmoja hupata baridi na mwingine joto, na uwezo wake huishia takriban nyuzi 20 chini ya joto la nje, jambo linalotosha kabisa katika chumba chenye nyuzi 32 lakini halitoshi ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani Mingoyo. Kinachonipendeza ni kwamba kibamba hichohicho hugeuza kazi na kupasha joto, msaada mkubwa katika usiku wa baridi wa Newala mwezi wa Julai.

Udhaifu wake mkubwa ni namba za kiooni, ambazo husoma joto la ukutani, si la chupa. Nilipozamisha kipimajoto changu kwenye chupa ya maji iliyowekwa katikati ya chupa za mbegu, kilitofautiana na kioo kwa nyuzi 2 hadi 3, na kwa mbegu za nguruwe tofauti hiyo si ndogo. Feni nayo hunyonya vumbi na hutaka kusafishwa mara kwa mara. (Kijitabu cha maelekezo ni Kichina kitupu, hivyo usikitegemee.)

Kuhusu umeme, kisanduku kinachokula wati 50 humaliza takriban ampea-saa 50 kwa saa 12 kikifanya kazi bila kupumzika, kiasi cha kuiacha betri ya kawaida ya gari bila nguvu ya kuwasha injini asubuhi. Anayekipeleka vijijini kusiko na umeme atenge betri nyingine ya sola kwa kazi hiyo pekee.

Kwa mhimilishaji anayehudumia wafugaji wengi, ningekinunua tena. Mfugaji mwenye majike wawili au watatu hakihitaji. Apatane na mhimilishaji aliye nacho, na fedha yake aitumie kwenye chakula na banda.