Fundi wa kukagua gari za turbo Malindi: elfu tano niliyoilipa imeenda halali

Mwenye nia ya kununua Subaru Forester XT ama gari yoyote ya petroli yenye turbo (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) hapa Malindi, usitoe hata deposit kabla haijaonwa na fundi wa ile gereji ndogo upande wa Barani. Mie nimempeleka kwa yangu, shemeji yangu naye akampeleka kwa yake, na kazi yake naisifu kwa moyo mweupe. Anachaji elfu tano, kuna watu wanaguna ati ni nyingi kwa kuangalia tu, lakini muulize aliyewahi kufunguliwa injini ya turbo alitoa ngapi.

Kilichonifanya nimuamini ni habari ya injini baridi. Kwenye simu alishaniambia, mwambie mwenye gari asiiwashe tangu usiku. Tumefika kule Mtangani akaweka mkono juu ya boneti, moto. Akarudisha spana zake ndani ya boksi akamwambia muuzaji kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, tutarudi kesho asubuhi, hii imeshawashwa." Muuzaji hakupenda, yuwasema aliitoa kuiosha tu, na mie nilikuwa na haraka lakini fundi hakukubali. Sababu yake ni kwamba injini ikishapata moto oili imeshapanda kila pahali, mlio wa asubuhi umepotea, na ule moshi wa buluu wa sekunde za mwanzo, unaotoka kwa sababu oili ilichuruzika usiku kwenye sili za valvu ama za turbo, huuoni tena. Unaonyeshwa gari nzima kumbe ni mgonjwa aliyekwisha meza dawa.

Kesho yake ndio nikaona kazi. Kabla ya kuwasha alifungua kifuniko cha oili akakigeuza kutazama kama kuna tope jeusi, akachomoa dipstiki, akafungua rejeta kuona kama kulant, yale maji ya kupoza injini, imeingia oili. Halafu akatoa hosi inayoleta hewa kwenye turbo akaingiza vidole akashika shafti. Hapa nilijifunza kitu, kwa sababu mafundi wengi wakiona shafti inacheza kidogo wanasema turbo imekwisha. Yeye akasema kucheza kidogo ubavuni ni kawaida kwa sababu ile shafti inaelea juu ya oili, kinachotisha ni ikienda mbele na nyuma ama feni ikigusa nyumba yake. Na unyevu wa oili ndani ya paipu si shida, dimbwi ndio shida.

Hii XT ya toleo la SH5 yenye injini ya EJ20 inatumia taiming belti, ule mkanda unaopatanisha valvu na pistoni, si cheni, na belti ikikatika pistoni zinagonga valvu. Kwa Japani belti hubadilishwa ikifika kilomita 100,000, na mara nyingi wanabandika stika ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita. Yetu haikuwa na stika, kwa hivyo akafungua kifuniko cha pembeni akaitazama kwa tochi, ilikuwa imeanza kupasuka pasuka. Hiyo peke yake ilinishushia bei vizuri.

Skana ya kusoma kompyuta ya gari anayo, lakini hasomi kodi za hitilafu tu akakupa jibu. Anaangalia kama kodi zimefutwa karibuni, maana kodi zikifutwa yale majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe yanaonyesha hayajakamilika mpaka iendeshwe tena. Baadaye tukaitoa kuelekea Mambrui, tukapita daraja la Sabaki, akakanyaga mafuta mpaka turbo ikaingia huku anatazama namba za buusti, yaani presha ya hewa ya turbo, kwenye skana kama zinapanda sawasawa na hazianguki. Ukisikia sauti kama hewa inatoroka, angalia hosi za intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo iliyokaa juu ya injini chini ya pua ya boneti. Pia alilala chini kutazama kutu, kwa sababu gari ikikaa huku pwani, hasa ikiwa imefanya kazi za chumvi kule Gongoni, paipu za breki zinaliwa kimyakimya.

Baada ya kununua ndio nikamrudia kwa sevisi. Oili nzuri ya sinthetiki kila kilomita 5,000, hataki kusikia 10,000 na joto hili letu. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, inategemea oili safi tu, na kwenye hizi EJ kuna boliti ya paipu ya oili yenye chujio dogo la waya ndani, likiziba kwa tope turbo inakufa njaa. Yeye alilifungua akalisafisha bila kuambiwa! Plagi ni kazi kidogo kwa sababu injini imelala na vichwa viko ubavuni, wengine wanakwepa, yeye hakukwepa. Petroli nayo, soma stika ya Kijapani kwenye kifuniko cha tangi, inataka ile ya daraja la juu, kwa hivyo weka ya oktani kubwa uliyopata. Ukitoka Mombasa mbio usizime papo hapo, iwache inguruma dakika moja mbili ipoe.

Mapungufu yapo. Hakupi ripoti ya karatasi, anakutumia voisi tu, na kwa mtu anayetaka kumwonyesha muuzaji ushahidi ili bei ishuke ingesaidia sana iandikwe na mapicha, nilimwambia na nitamwambia tena. Gia boksi hafungui, anasikiliza na kutazama oili yake basi, kwa hivyo ukiwa na shaka na gia tafuta mwengine wa kukusaidia. Na mpigie siku moja kabla, Ijumaa mchana hapokei kazi.