Duka la dawa za mifugo Buhongwa: utaulizwa kwanza, dawa baadaye

Nafuga kuku chotara na bata wachache Luchelele, hapa Mwanza, karibu kabisa na Ziwa Victoria. Wengi huniuliza dawa nanunua wapi. Nanunua Buhongwa, kwenye duka dogo la mifugo lenye mlango wa bluu na magunia ya pumba nje, kando ya barabara ya Shinyanga. Kuna maduka ya karibu zaidi na ya bei nafuu zaidi. Hili nalifuata kwa sababu ya mwenye duka.

Ukiingia ni mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kisha maswali. Mwezi uliopita kuku wangu walianza kukoroma, macho yakavimba, puani ute unaonuka vibaya. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba ni mafua ya ndege, na mama mmoja aliyekuwa akichukua trei ya mayai kila wiki akaacha kuja. Nikaenda na picha kwenye simu. Daktari (sote tunamwita hivyo) akazikuza, akauliza: "Mama, wamekufa wangapi? Kwa muda gani? Upanga na ndevu vimegeuka rangi ya zambarau? Miguu ina madoa ya damu? Mayai yamekatika ghafla?" Hakuna hata kimoja. Hapo ndipo akaniambia hayo ni mafua ya kuku ya kawaida, yanatokana na bakteria, na yanasikia dawa. Akanipa antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, akaandika kwa kalamu nene juu ya pakiti siku za kutumia na siku za kutouza mayai. Uvimbe ulishuka, wakarudi kula.

Nilichokipenda ni alichokataa kuuza. Mteja aliyekuwa mbele yangu, kijana wa Mkolani, alitaka OTC, ile antibayotiki ya oxytetracycline, kwa sababu kuku wake walikuwa wanakufa kwa mkupuo, wengine shingo zimepinda. Pesa alikuwa nayo mkononi. Daktari akamwambia hiyo ni ya bakteria, na vifo vya namna ile vinanuka virusi. Huenda ni kideri (Newcastle), huenda ni kitu kibaya zaidi, na kwa macho hata yeye hawezi kuapa, kwa kuwa kideri na mafua makali ya ndege hufanana sana. Akampigia simu ofisa mifugo wa kata palepale, akaelekeza kwamba sampuli zipelekwe TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, ambao wana kituo hapahapa Mwanza, na akamsihi kijana asichinje wala kuuza hata mmoja kabla ya majibu. Kijana alinuna. Mimi ningekuwa jirani yake ningeshukuru.

Swali jingine linalowaudhi watu: "Bata wako wanakunywa wapi?" Wangu walikuwa wanashuka ziwani kila asubuhi, pamoja na yangeyange na kila ndege anayepita. Akanieleza kwamba ndege wa majini wanaweza kubeba virusi vya mafua tumboni bila kuonekana wagonjwa, wakavimwaga kwenye maji kwa kinyesi. Tena hakunipeleka mbali kwa mifano: Januari 2017, upande wa Uganda, ndege wa porini walikutwa wamekufa ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ikabainika ni H5N8, aina ya mafua ya ndege, na bata na kuku wa kufugwa Masaka nao wakaguswa. Ziwa ni hilihili. Siku hizi bata wangu wananywa kwenye beseni bandani, na wanapiga kelele kama watoto walionyimwa kuogelea.

Kuna mzee anayefuga nguruwe Kisesa, yeye na daktari hubishana kila wakikutana. Mzee anafuga nguruwe na bata ndani ya uzio mmoja. Daktari anamwambia nguruwe hupokea mafua ya ndege na ya binadamu pia, na virusi viwili vikikutana ndani ya mnyama mmoja vinaweza kubadilishana sehemu kikazaliwa kirusi kipya. Ile H1N1, iliyoitwa mafua ya nguruwe, iliyozunguka dunia mwaka 2009 ilikuwa na vipande vya asili ya nguruwe, ndege na watu. Mzee akauliza kwa dharau, "Na ng'ombe je?" Akajibiwa kwamba Marekani mwaka 2024 H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, ilikutwa kwa ng'ombe wa maziwa, hadi ndani ya maziwa yenyewe, kwa hiyo achemshe. Nilicheka, lakini mzee ameshaanza kujenga ukuta wa pili.

Chanjo ya kideri wanaitunza vizuri: ipo kwenye friji yake, ukinunua unafungiwa na barafu ndani ya gazeti, na unaonywa usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini. Umeme ukikatika huhamishia kwenye sanduku la barafu. Nimeliona kwa macho yangu.

Sasa kasoro. Bei iko juu kidogo, na dawa ya kunyunyizia banda na kuweka mlangoni kwa ajili ya viatu ni ghali kuliko ninakopajua kwingine. Foleni ni ndefu kwa sababu kila mtu anahojiwa. Kubwa kuliko zote ni kijana msaidizi: daktari akitoka, yeye anauza chochote unachotaja. Nilimsikia mtu akisema tu "kuku wanakohoa", na pakiti ikawa kaunta kabla sentensi haijaisha. Hilo nimemwambia mwenye duka, akasema atalishughulikia. Juzi lilikuwa bado.

Nyota nne kati ya tano, na ya tano anaishikilia yule kijana. Nenda asubuhi mapema, daktari anakuwepo. Mchana hutoka kwenda kwa wafugaji. Jumapili hufungua baada ya ibada. Ukiwa na kuku aliyekufa usimbebe kwenye daladala kumpeleka dukani. Piga picha, namba yake ya simu imebandikwa mlangoni.